Kutoka Bukoba hadi Bonde la Wupper

Wuppertal ni mji wa bonde. Mto Wupper unapita katikati, milima imeubana pande zote mbili, na kwa kuwa chini hapakuwa na nafasi ya reli ya mjini, wenyeji waliijenga hewani. Treni yao, Schwebebahn, husafiri ikiwa imening'inia chini ya reli, kiasi cha mita 12 juu ya maji, umbali wa kilomita 13.3 kutoka Vohwinkel hadi Oberbarmen. Ina vituo 20 na ilianza kubeba abiria mwaka 1901. Mtoto yeyote wa hapa atakusimulia habari za Tuffi, tembo mdogo wa sarakasi aliyepandishwa ndani ya behewa Julai 1950 ili kutangaza maonyesho. Alishtuka, akavunja ubavu wa behewa, akatumbukia mtoni. Alinusurika na mikwaruzo tu, akaishi miaka mingine mingi.

Ni katika mji huu wa magharibi mwa Ujerumani ambako mwandishi wa masimulizi haya alitua na mkewe, akitokea Bukoba, kuanza kazi ya vijana katika usharika mmoja wa Kiprotestanti upande wa Barmen. Barua ya wito ilisema kazi yake ni vijana na kipaimara. Haikusema zaidi.

Kabla ya kuondoka, jirani mmoja alimuuliza jambo ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Wajerumani si ndio waliotuletea Injili? Sasa wewe unawapelekea nini?"

Jibu limo katika historia ya Wuppertal yenyewe. Barmen, ambayo hadi 1929 ilikuwa mji unaojitegemea, ndiko yalikokuwa makao ya Misheni ya Rhein, iliyoanzishwa mwaka 1828. Jumuiya nyingine ya Kijerumani, iliyokuja kujulikana kama Misheni ya Bethel, ilifikisha watu wake Dar es Salaam mwaka 1887, ikapanda Usambara miaka ya 1890 na kuingia Buhaya, eneo la Bukoba, mwaka 1910. Jumuiya hizo mbili ziliungana mwaka 1971. Mwaka 1996 mfumo wenyewe ukabadilika: badala ya chama cha Wajerumani kinachotuma watu ng'ambo, ukazaliwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, UEM, ambamo kila kanisa mwanachama lina sauti yake na watumishi hutumwa pande zote. Makao makuu bado yako Barmen, juu ya kilima ambacho wenyeji hukiita Mlima Mtakatifu.

Hata hivyo njia ya kutoka Kagera kwenda Ujerumani haikuanza na mpango huo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alisomea theolojia huko Bethel, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Kwa hiyo mwandishi alipopanda ndege alijua kwamba wapo waliomtangulia. Ambacho hakukijua ni namna siku zenyewe zingekwenda.

Wiki za kwanza hazikuwa za vijana hata kidogo. Zilikuwa za makaratasi.

Sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayehamia nyumba mpya ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli anaishi hapo. Cheti kinachotolewa pale ndicho kinachodaiwa kila unakogeuka, kuanzia benki hadi kwa mwajiri. Baada ya hapo huja bahasha nyingine nyumbani: ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, hata kama ndani hamna televisheni. Nyuma ya jengo yamepangwa mapipa ya taka, la karatasi, la maganda ya chakula, la vifungashio na la mabaki, na jirani wa ghorofa ya chini alishuka mwenyewe na viatu vya ndani kumwonyesha mke wa mwandishi kifuniko cha mtindi kinatakiwa kwenda wapi. Kinabanduliwa kwanza kutoka kwenye kikopo chake, kisha vyote viwili vinatupwa pipa moja.

Katika fomu ya kujiandikisha kuna swali la dini, na jibu lake lina uzito mfukoni. Mprotestanti au Mkatoliki mwenye ajira hukatwa kodi ya kanisa moja kwa moja kwenye mshahara: asilimia 9 ya kodi yake ya mapato katika majimbo mengi, asilimia 8 katika Bavaria na Baden-Württemberg. Ofisi ya kodi ya serikali ndiyo inayokusanya, kisha inalipa makanisa. Fedha hizo hulipa wachungaji, hupasha majengo joto na humlipa mtu wa vijana kama mwandishi. Kwa mtu aliyezoea mnada wa sadaka baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi au jogoo hupigiwa kelele nje ya kanisa mpaka bei yake ipite ya sokoni mara tatu, mambo haya yalikuwa mageni. Bukoba kila mtu huona kanisa likijengwa kwa fedha ya nani. Barmen fedha hupita kimya kimya kwenye hati ya mshahara, na anayeichoka huenda kwenye ofisi ya serikali, akajaza karatasi na kutoka kanisani kisheria.

Wengi wametoka hivyo. Mwaka 1990 makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalikuwa na waumini zaidi ya milioni 29. Mwishoni mwa 2024 walibaki takriban milioni 18. Si wote waliohama imani, kwani wapo waliofariki bila kuwa na mtoto aliyebatizwa wa kushika nafasi yao. Jumapili saa nne asubuhi mwandishi alikaa katika benchi la mbao zuri, kinanda cha mabomba kikilia juu ya kichwa chake, na watu wachache wenye mvi wakiwa wametawanyika, kila mmoja kwenye benchi lake. Nyumbani kazi ya mwalimu wa vijana ilikuwa kutafuta pa kuwaweka, kwa sababu kwaya mbili hugombea chumba kimoja cha mazoezi. Hapa vyumba vilikuwa tele, na funguo zake zilining'inia kwenye ubao ofisini, kila mmoja na namba.

Kabla ya kukabidhiwa funguo kulikuwa na karatasi moja zaidi. Yeyote anayefanya kazi na watoto au vijana lazima alete cheti cha polisi cha aina ya pekee, kinachoonyesha kama aliwahi kuhukumiwa kwa makosa yanayowahusu watoto. Huombwa katika ofisi ya wakazi kwa euro 13, na wanaojitolea hawatozwi. Sambamba na hilo, kila usharika unatakiwa uwe na mpango ulioandikwa wa kuwalinda watoto. Masharti haya hayakutungwa kwa kupenda makaratasi. Januari 2024 ulitolewa utafiti mkubwa kuhusu unyanyasaji wa kingono ndani ya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, nao ukataja watu wasiopungua 2,225 waliodhulumiwa na watuhumiwa 1,259. Mchungaji wa usharika, mama wa makamo anayekuja kazini kwa baiskeli, alimwekea mwandishi ripoti hiyo mezani. Walikaa nayo asubuhi nzima, wakipita chumba kwa chumba katika mpango wa usharika wao: mlango upi una kioo, nani hulala wapi kambini, kijana ampigie nani simu akikosewa.

Picha nazo zina utaratibu wake. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kutumika Mei 2018, haimruhusu mtu kupiga kundi la watoto picha na kuirusha kwenye WhatsApp kabla hawajafika nyumbani. Mzazi hutia sahihi, tena kwa kila matumizi: gazeti la usharika, tovuti, ubao wa matangazo. Mwandishi aliwaeleza hivyo marafiki wa Bukoba waliokuwa wakidai picha za vijana wake wapya, nao wakamtumia emoji za kucheka.

Mengi ya mambo hayo alikuja kuyaelewa kwa msaada wa mama mmoja Mtanzania aliyekutana naye katika duka la vyakula vya Kiafrika huko Elberfeld, magharibi mwa Barmen. Mama huyo alikuwa akichagua mihogo iliyogandishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyumbani wapi?"

"Bukoba, mama."

"Ahaa, nshomile, msomi!" Akacheka mpaka akaweka mfuko chini. "Basi digrii zako ziweke kabatini kwanza. Umekuja kufanya nini?"

Aliposikia ni kazi ya vijana wa kanisa, alitikisa kichwa, kisha akatoa ushauri wa mtu aliyelea watoto wanne katika mji huo. Usiwaulize wanaamini nini, alisema, hawajakuzoea. Waulize wanacheza timu gani. Usiende kwao bila kupiga simu. Na wakikuambia saa kumi na moja, uwe umefika saa kumi na moja kasorobo na chumba kimeshapata joto.

Ushauri huo ulikuwa wa thamani kuliko semina nyingi. Kijana wa Ujerumani wa miaka 13 ana ratiba ya mtu mzima. Shule nyingi siku hizi huendelea hadi alasiri. Baada ya hapo kuna klabu ya mpira wa mikono, somo la piano, daktari wa meno wa kunyoosha meno. Mwishoni mwa wiki kuna mechi, au zamu ya kwenda kwa baba anayeishi mji mwingine. Saa moja ya kanisa lazima iombewe nafasi katikati ya hayo yote, na ikishapata nafasi haisogezwi. Mwandishi alizoea kukaa na vijana baada ya mazoezi ya kwaya mpaka giza liingie, mazungumzo yakizaa mazungumzo. Hapa wazazi hufika na gari dakika ile ile iliyoandikwa kwenye barua.

Kazi yenyewe huendeshwa katika chumba cha chini ya jengo la usharika. Kuna makochi yaliyochakaa, friji ya soda yenye bei zilizoandikwa kwa mkono na kopo la kutumbukizia sarafu bila mtu wa kulinda, na meza ya mpira yenye wachezaji wa plastiki waliotungwa kwenye vyuma. Mchezaji mmoja wa timu nyekundu amekatika kichwa. Kwa muda mrefu meza hiyo ndiyo iliyokuwa mimbari ya mwandishi. Aliwahi kuweka ratiba ya kujifunza pambio za Kiswahili, wakazikubali kwa adabu. Lakini kwenye meza ya mpira ndiko kijana mmoja mwenye asili ya Kongo alikomuuliza, macho yakiwa bado kwenye goli, kama ni kweli Afrika watu humcheka mtoto asiyejua lugha ya bibi yake. Walicheza mpaka mechi ikaisha ndipo wakaongea.

Vijana humwita kwa jina lake la kwanza tu, bila "mwalimu" mbele yake. Mkewe, ambaye ni nesi na alikuwa bado akisoma Kijerumani asubuhi, ndiye aliyezoea haraka. Yeye alikuwa akija kusaidia jikoni, na wasichana walimsahihisha matamshi huku wakikausha vikombe.

Mafunzo ya kipaimara ndiyo mlango mkubwa. Hata familia ambazo huonekana kanisani Krismasi tu huwapeleka watoto wao, na wengi hupata kipaimara wakiwa na miaka kama 14, majira ya machipuko. Siku hiyo kanisa hujaa, bibi na babu husafiri kutoka mbali, bahasha za fedha hutolewa, na wiki inayofuata nusu ya vijana hawaonekani tena. Ndiyo maana sharika nyingi huweka nguvu kwa wale wanaotaka kubaki kama wasaidizi. Kuanzia miaka 16 kijana anaweza kupata kadi ya kiongozi wa vijana, Juleica, inayotambuliwa nchi nzima. Anasoma saa zisizopungua 30: michezo, sheria, namna ya kumtuliza mtoto anayelia usiku kambini, na huduma ya kwanza. Kijana mwenye kadi hiyo huongoza kikundi chake mwenyewe, hushika bajeti, na humpinga mkuu wake kwenye kikao bila kuonekana amekosa heshima. Kwa mtu aliyelelewa katika mfumo ambao kijana husubiri kupewa nafasi ya kusema, vikao vya aina hiyo vilikuwa shule.

Kwa upande wa kazi ya vijana, mji huu una kumbukumbu ndefu kuliko wenyeji wanavyojisifia. Mwaka 1823 kijana fundi bati wa Barmen, Karl Wilhelm Isenberg, ambaye hakuwa hata na miaka 18, alikusanya vijana wenzake wakaanzisha chama cha kusali na kusaidia misheni. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 20 kabla George Williams hajaanzisha YMCA jijini London mwaka 1844. Barmen na Elberfeld wakati huo zilikuwa zikijaa viwanda vya kusokota na kutia rangi nguo, na vijana kutoka vijijini walikuja kufanya kazi na kulala katika vyumba vya kupanga, mbali na wazazi. Friedrich Engels, aliyezaliwa Barmen mwaka 1820 katika familia ya wenye viwanda, aliiona hali hiyo hiyo akachukua njia nyingine kabisa.

Isenberg naye hakukaa. Alikwenda Ethiopia kama mmisionari, akafanya kazi Shoa pamoja na Johann Ludwig Krapf. Krapf ndiye aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850. Mwandishi aliwasimulia wanafunzi wake wa kipaimara mlolongo huo. Binti mmoja alihesabu kwa vidole, akasema: kumbe fundi bati wa hapa alikuwa karibu sawa na kaka yangu kwa umri.

Somo lililowagusa zaidi lilitolewa barabarani. Katikati ya Barmen liko kanisa la Gemarke, ambamo tarehe 31 Mei 1934 wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti walipitisha Azimio la Barmen, lenye hoja sita, wakikataa kanisa kuwa chombo cha utawala wa Hitler. Karl Barth ndiye aliyeandika sehemu kubwa yake. Azimio halikutaja mateso ya Wayahudi, na viongozi wa kanisa la leo hawalifichi hilo. Sinagogi la Barmen lilichomwa moto Novemba 1938. Mwaka 2002 lilifunguliwa sinagogi jipya ubavuni mwa kanisa hilo la Gemarke, kwenye kiwanja kilichotoka kanisani. Vijana walisimama kati ya majengo hayo mawili na karatasi zao za maswali. Mmoja akauliza kwa nini hoja zilikuwa sita na si saba. Mchungaji akamwambia aiandike ya saba mwenyewe, na kipindi kizima kilichofuata kikaishia hapo.

Chapati zilikuja baadaye, tena hawakuzileta mwandishi na mkewe, waliziomba vijana. Mmoja alikuwa ameziona kwenye simu akataka kujua kama kweli zinakunjwa namna ile. Ijumaa iliyopangwa, jiko la usharika likajaa. Kwanza ilipitishwa orodha: wawili hawali nyama wala maziwa, mmoja hali nguruwe, mmoja karanga zinaweza kumuua. Unga wa Kijerumani huuzwa kwa namba, na 405, ulio laini wa keki, ulikataa kuvutika. Mke wa mwandishi akamtuma mtu dukani kuleta 550. Donge likapumzishwa chini ya taulo. Kisha akawaonyesha: sukuma duara, paka mafuta, kunja kama kamba, zungusha, bonyeza, sukuma tena. Ya kwanza ilitoka na pembe. Kijana wa Kongo alisema mama yake hupaka mafuta kidogo zaidi, akapewa kazi ya mafuta. King'ora cha moshi kililia mara moja, madirisha yakafunguliwa, na jirani wa ng'ambo ya barabara akachungulia kisha akaletewa mbili kwenye karatasi ya jikoni.

Tangu hapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi ni ya jiko, na wanaopika si Watanzania. Familia yenye asili ya Syria imeshachukua zamu. Bibi mmoja wa usharika amefundisha chapati nyembamba za viazi za eneo hilo, zinazoliwa na rojo la tufaa. Zamu hupangwa na wasichana wawili wenye Juleica kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, na mwandishi hutafuta jina lake humo kama wengine.

Majira ya giza yalikuwa magumu. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, mvua ya bonde hainyeshi kwa nguvu wala haikomi, na ngazi za mji huu wa milima huteleza. Kwa muda, mwandishi alikuwa akimaliza kazi, akipanda Schwebebahn kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli bila kushuka, akitazama madirisha ya watu yenye nyota za karatasi. Mama wa Elberfeld ndiye aliyemtoa humo. Alianza kuwaalika nyumbani kila Jumapili ya pili, ambapo Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache wa mji huo husali kwa Kiswahili sebuleni na kula pilau. Watoto wao, waliozaliwa Ujerumani, hukaa chumba cha pili na simu zao. Wawili kati yao sasa wanakuja Ijumaa Barmen.

Kambi ya kiangazi imeshapangiwa wiki ya kwanza ya likizo. Basi limekodiwa, fomu za wazazi zimeanza kurudi, na ile ya picha ndiyo inayochelewa kila mara. Msichana mmoja mwenye Juleica, anayemaliza shule mwakani, ameuliza kuhusu mwaka wa kujitolea Tanzania, akataka kujua kama Bukoba kuna meza ya mpira. Mwandishi alimjibu kwamba hakuna, lakini fundi wa kuichonga yupo, na kwamba kabla ya yote aanze kutafuta cheti chake cha polisi.